Mtoto wa homa na degedege: saa moja ya kwanza katika chumba cha dharura

Mwongozo huu umeandikwa kwa muuguzi, tabibu au daktari wa hospitali ya wilaya anayeletewa mtoto wa miezi miwili hadi miaka mitano mwenye homa, aliyeshikwa na degedege au asiyeamka. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wa kwanza kushukiwa ni malaria, na mara nyingi ndiyo. Lakini kinachomuua mtoto katika dakika ishirini za mwanzo ni koo lililozibwa na matapishi, sukari iliyokwisha katika damu, au diazepamu, dawa ya kuzima degedege, iliyochomwa mara tatu na watu watatu ambao hawakuulizana. Kimelea cha malaria kinaweza kusubiri dakika kumi. Mambo hayo matatu hayasubiri.

Mfano wetu ni mtoto wa miaka miwili. Mizani ikiwepo, mpime. Isipokuwepo, au mtoto akiwa anatupa mikono na miguu, chukua umri wake kwa miaka, ongeza nne, zidisha kwa mbili: (2 + 4) × 2 = kilo 12. Kwa mchanga wa chini ya mwaka, chukua miezi, ongeza tisa, gawa kwa mbili. Andika uzito huo kwa herufi kubwa juu ya faili kabla hujavuta dawa yoyote. Makosa mengi ya dozi huanza kwa watu wawili wanaokisia kilo tofauti juu ya mtoto mmoja.

Vifaa vinavyopaswa kuwa mkononi

Mfuko wa kupumulisha wenye barakoa mbili za watoto, mashine ya kunyonya makohozi iliyojaribiwa asubuhi ile, oksijeni na mirija ya puani ya saizi ya mtoto, kipima sukari chenye vipande ambavyo havijapitwa na wakati, kipima oksijeni cha kidole, kanula (mirija myembamba ya kuingiza mshipani) za geji 22 na 24, mabomba ya sindano ya mililita 1, 2, 10 na 50, diazepamu, fenobabitali (nayo ya degedege), glukosi, salaini (maji ya chumvi), artesuneti (ya malaria), seftriaksoni (ya kuua bakteria). Dawa za degedege zisifungiwe katika kabati ambalo ufunguo wake unakwenda nyumbani na msimamizi wa zamu.

Hewa kwanza

Mlaze ubavu wa kushoto, shingo iwe wastani, isikunjwe wala kurudishwa nyuma kupita kiasi. Angalia ndani ya mdomo. Unachokiona, kinyonye. Usichokiona usikitafute kwa kidole, maana kidole cha mtu mzima husukuma uji ndani zaidi. Usimtie kijiko wala kitambaa katikati ya meno: ulimi haumezwi, ila meno huvunjika na vipande vyake huingia kwenye mapafu.

Weka oksijeni kwa mirija ya puani. Lita 0.5 hadi 1 kwa dakika humtosha mchanga, na 1 hadi 2 kwa huyu wetu wa kilo 12. Mtoto mwenye degedege, asiye na fahamu au aliye katika mshtuko (damu haifiki vizuri mwilini), lengo lake ni oksijeni ya asilimia 94 na zaidi katika damu. Kipima kidole kikikataa kusoma, usidhani kimeharibika. Mara nyingi ni mkono wa baridi usiopata damu ya kutosha, na hiyo yenyewe ni taarifa.

Kifua kisipopanda, au akihema kwa vipindi kama anayekata roho, shika mfuko na umpumulishe, pumzi moja kila sekunde tatu hadi tano, ukiangalia kifua kinainuka. Kikikataa kuinuka, rekebisha shingo na barakoa kabla ya kuongeza nguvu. Nguvu hupeleka hewa tumboni, tumbo linajaa, matapishi yanarudi.

Sukari, kabla ya kingine chochote cha sindano

Unapoweka kanula, tone la kwanza la damu liende kwenye kipima sukari. Chini ya milimoli 2.5 kwa lita (miligramu 45 kwa desilita) ni sukari ndogo. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, mpaka ni 3 (miligramu 54). Angalia mashine yako inasoma kwa kipimo kipi, kwa sababu zipo aina mbili na zinachanganywa wadi moja na nyingine. Vipande vikiwa vimekwisha, mtoto asiye na fahamu mhesabie kuwa sukari imeshuka, umtibu. Kumpa glukosi asiyeihitaji mara moja hakuna madhara makubwa, lakini kumnyima anayeihitaji huua seli za ubongo.

Dozi ni mililita 5 kwa kila kilo ya glukosi ya asilimia 10, polepole kwa dakika tatu hadi tano. Kwa kilo 12 ni mililita 60. Shida ni kwamba kabatini mara nyingi ipo ya asilimia 50 tu. Hesabu yake ni nyepesi: mililita za D50 (glukosi hiyo ya asilimia 50) ni sawa na kilo za mtoto, na maji ya sindano ni mara nne yake. Kilo 12: vuta mililita 12 za D50, ongeza mililita 48 za maji ya sindano, umepata 60 za asilimia 10. Usiichome D50 bila kuichanganya. Huunguza mshipa, ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama, na sukari iliyopandishwa ghafla huweza kuporomoka tena.

Kanula ikikataa? Jaribu mara tatu au kwa dakika tano, kisha acha. Toboa mfupa wa ugoko kwa sindano ya mfupa, upande wa ndani uliobapa, sentimita moja hadi mbili chini ya nundu iliyo chini ya goti. Glukosi, maji na dawa zote zilizotajwa hapa hupita humo. Kama sindano hiyo haipo, lowesha kijiko kimoja cha chai cha sukari kwa matone machache ya maji, uiweke chini ya ulimi, urudie kila dakika 10 hadi 20 huku ukipima. Hii si tiba ya kienyeji. Sukari hupenya pale chini ya ulimi, na zahanati yoyote inaweza kuifanya kabla ya gari kuondoka.

Pima tena baada ya dakika 30. Sukari iliyopanda inaweza kushuka tena, hasa kama mtoto hali na hana dripu yenye glukosi.

Kuzima degedege

Degedege lenyewe mara nyingi hukoma ndani ya dakika chache. Likizidi dakika tano, au mtoto akifika bado linaendelea na hujui lilianza lini, lizime. Diazepamu ya mshipani ni miligramu 0.3 kwa kilo, polepole kwa dakika moja hadi mbili. Ampuli ya kawaida ina miligramu 10 katika mililita 2, hivyo kilo 12 ni miligramu 3.6, yaani karibu mililita 0.7. Vuta kwa bomba la mililita 1. Bomba la 5 au 10 halipimi 0.7 kwa uhakika, na nusu mililita ya ziada inatosha kumsimamisha mtoto kupumua.

Bila mshipa, pitisha njia ya haja kubwa: miligramu 0.5 kwa kilo, kwa mtoto wetu 6, yaani mililita 1.2. Toa sindano, acha bomba tupu, lipake mafuta, liingize sentimita nne hadi tano, sukuma, kisha bana makalio kwa dakika chache, la sivyo dawa inatoka na kinyesi na utadhani imeshindwa. Usiichome kwenye msuli, hufyonzwa polepole na bila uhakika. Mwenye midazolamu anaweza kuichoma msulini, miligramu 0.2 kwa kilo. Kwa mtoto wa chini ya mwezi mmoja hatutumii diazepamu, tunaanza na fenobabitali.

Subiri dakika tano hadi kumi kwa saa ya ukutani. Likiendelea, rudia dozi moja. Hapo ndipo mwisho wa diazepamu. Dozi aliyopewa zahanati au ndani ya gari inahesabiwa, kwa hiyo soma barua ya rufaa na umuulize muuguzi aliyemsindikiza kabla ya kuvuta ampuli yako.

Baada ya dozi mbili nenda kwenye fenobabitali, miligramu 20 kwa kilo mshipani kwa dakika 20: kwa kilo 12 ni miligramu 240, ichanganye na salaini, mfuko wa kupumulisha ukiwa umeshikwa mkononi, si kabatini. Usiitoe kwa mtoto aliyenyamaza eti kumkinga asirudiwe. Utafiti uliofanyika Kilifi, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2000 uliwapa watoto 340 wenye malaria ya ubongo ama dozi moja ya fenobabitali ya kinga ama dawa bandia. Degedege lilipungua, lakini vifo vilifika asilimia 18 kwa waliopewa na 8 kwa wasiopewa. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa wamepata dozi tatu au zaidi za diazepamu. Walikufa kwa kuacha kupumua, mahali ambapo hapakuwa na mashine ya kuwapumulisha. Wadi nyingi za wilaya hazina mashine hiyo hadi leo.

Liko pia degedege lisilotikisa. Mtoto ametulia, mama anashukuru, lakini macho yanachezacheza upande mmoja, mate yanatoka, pembe ya mdomo au kidole kimoja kinaruka, pumzi haina mpangilio. Katika malaria ya ubongo hili ni la kawaida na hupitwa kwa urahisi. Fumbua kope uangalie.

Jambo la kumuuliza mama kwa upole: alipewa nini njiani? Pwani na bara, wapo wanaoamini degedege huletwa na ndege au pepo, na kwamba mtoto aliyeshikwa akichomwa sindano atakufa. Basi anaanzia kwa mganga, anafukizwa, ananyweshwa dawa, na akifika kwako zimepita saa sita. Ukimgombeza bibi yake hutapata jibu, na unalihitaji: dawa ya mitishamba iliyomwagwa mdomoni mwa mtoto asiye na fahamu inaweza kuwa ndiyo iliyo kwenye mapafu yake sasa hivi.

Maji ya dripu: punguza mkono

Hapa mazoea huua kwa nia njema. Mtoto ana mikono ya baridi, mtu anafungua salaini ikimbie. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda na kuchapishwa mwaka 2011, uliwachukua watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini. Waliopewa maji mengi ya haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kilo, walikufa ndani ya saa 48 kwa asilimia 10.6 (waliopewa albumini, maji yenye protini ya damu) na 10.5 (waliopewa salaini). Ambao hawakupewa ni asilimia 7.3. Wengi wa watoto wote wa utafiti huo walikuwa na malaria.

Kwa hiyo neno mshtuko lisitumiwe ovyo. Kwa mtoto ni vitu vitatu kwa pamoja: mikono ya baridi, damu inayochukua zaidi ya sekunde tatu kurudi ukibonyeza kucha, na mapigo dhaifu ya haraka. Kimoja peke yake si mshtuko. Vitatu vikitimia na hana upungufu mkali wa damu wala utapiamlo mkali, mpe mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa dakika 30 hadi 60, kisha umpime upya kabla ya kuongeza tone. Ini likianza kuvimba au mapafu yakianza kulia, funga. Mtoto wa kuhara aliyekaukiwa vibaya ni habari nyingine: yeye hakuwa katika utafiti ule na bado anahitaji maji mengi, mililita 100 kwa kilo kwa saa tatu akiwa amepita mwaka mmoja, kwa saa sita akiwa chini yake.

Asiye na mshtuko apate maji ya kumtunza tu: mililita 4 kwa kilo kwa saa katika kilo kumi za kwanza, 2 kwa kila kilo inayofuata hadi ishirini. Kilo 12 ni 40 + 4 = 44 kwa saa. Kwa dripu ya matone 20 kwa mililita ni matone 15 kwa dakika. Kwa ile ya matone 60 ni matone 44. Maji yawe na glukosi ndani yake, kwa mfano salaini yenye glukosi asilimia 5. Chora mistari ya saa kwenye chupa kwa kalamu, ili zamu ya usiku ione imebaki kiasi gani bila kuhesabu upya.

Damu

Tazama viganja na utando wa ndani wa kope. Himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) chini ya gramu 4 kwa desilita, aongezwe damu bila mjadala. Kati ya 4 na 6, aongezwe akiwa na mshtuko, fahamu zilizopungua, moyo unaoshindwa, au anahema kwa kina kama aliyekimbia huku kifua kikisikika safi. Pumzi ile ya kina mara nyingi huitwa nimonia na kupewa dawa ya nimonia. Ni asidi iliyojaa mwilini, na kwa mtoto mweupe kama karatasi dawa yake ni damu. Kiasi ni mililita 20 kwa kilo za damu nzima, au 10 za seli nyekundu zilizokamuliwa, kwa saa tatu hadi nne. Mpigie mtu wa maabara mapema, kwa sababu damu ndiyo kitu kinachochelewa kuliko vyote.

Malaria, au homa ya uti wa mgongo?

Kipimo cha haraka cha malaria kikionyesha mistari miwili, kazi haijaisha. Vipimo vingi hunasa protini ya kimelea inayobaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, na katika sehemu zenye malaria nyingi watoto wengi hutembea na vimelea bila kuugua. Mtoto mwenye kipimo chanya anaweza kuwa anakufa kwa homa ya uti wa mgongo. Chunguza shingo ngumu, utosi uliovimba, madoa ya damu kwenye ngozi. Kumbuka kwamba mchanga anaweza kuwa nayo na shingo yake ikawa laini kabisa.

Fahamu zipime kwa kipimo cha Blantyre, kilichotungwa Malawi kwa watoto wasiojua kusema bado. Bonyeza kucha kwa penseli, kisha kidari kwa kifundo cha kidole. Akiupeleka mkono mahali panapouma ni 2, akiondoa kiungo tu ni 1, asipofanya kitu ni 0. Kilio cha kawaida ni 2, mgumio ni 1, kimya ni 0. Macho yakifuata uso wa mama ni 1, yasipofuata ni 0. Jumla ya 2 au chini yake, saa moja baada ya degedege kukoma na sukari kurekebishwa, ni kupoteza fahamu kwa kweli. Usipime dakika tano baada ya diazepamu ukaandika malaria ya ubongo.

Maji ya mgongo yachukuliwe isipokuwa mboni zimetofautiana, mwili umekakamaa, pumzi inakatika, yupo katika mshtuko au ngozi ya mgongoni ina jipu. Yakishindikana, usingoje: seftriaksoni miligramu 50 kwa kilo sasa, na tena baada ya saa 12. Kwa kilo 12 ni miligramu 600. Maji ya mgongo yanaweza kuchukuliwa kesho ukiwa umeshampa dawa, lakini saa sita za kusubiri hazirudi.

Artesuneti

Dozi ya mtoto wa chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo; kuanzia 20 na zaidi ni 2.4. Wadogo huhitaji zaidi kwa kila kilo, si kidogo. Mtoto wetu ni miligramu 36.

Kichupa cha miligramu 60 huja na ampuli ya bikaboneti ya mililita 1. Mimina bikaboneti yote, tikisa hadi iwe angavu kabisa, dakika mbili hadi tatu. Ikibaki na ukungu, tupa. Kwa mshipa ongeza salaini mililita 5, kila mililita iwe na miligramu 10: 36 ni mililita 3.6, tunapandisha hadi 4, na tunasukuma kwa mililita 3 hadi 4 kwa dakika. Kwa msuli ongeza salaini mililita 2 tu, kila mililita iwe na 20: 1.8, tunapandisha hadi 2, pajani upande wa mbele kwa nje. Usitumie maji ya sindano badala ya salaini. Dawa iliyochanganywa itumike ndani ya saa moja, haiwekwi kwenye friji kusubiri dozi ya usiku.

Dozi ni saa 0, 12 na 24, kisha mara moja kwa siku. Hata mtoto akiamka na kuomba chai, hazipungui tatu. Baada yake anakamilisha dawa mseto ya kunywa kwa siku tatu kamili. Hapa ndipo tiba hukatika: anaruhusiwa baada ya sindano ya tatu bila vidonge, na vimelea hurudi. Mwambie mama amrudishe apimwe damu kati ya wiki ya kwanza na ya nne, kwa sababu seli nyekundu huweza kupasuka baadaye hata dawa ikiwa imefanya kazi yake.

Baada ya saa ya kwanza

Kila nusu saa hadi fahamu zirudi: pumzi, oksijeni, mapigo, fahamu. Sukari kila saa nne. Mkojo upimwe kwa kupima nepi. Mrija wa tumboni kupitia puani uwekwe, ila maziwa yasianze mapema kwa mtoto asiye na fahamu. Homa kali: parasetamoli miligramu 15 kwa kilo kila saa sita. Kumwagia maji ya baridi hakusaidii, humtetemesha tu. Mgeuze kila saa mbili.

Si kila mtoto wa degedege analazwa hivi. Wa miezi sita hadi miaka mitano, aliyetikisika mwili mzima chini ya dakika 15, mara moja tu katika saa 24, akaamka ndani ya saa moja akamtambua mama, ananyonya na shingo ni laini, hilo ni degedege la homa la kawaida. Tafuta chanzo cha homa, mtibu hicho, mkalishe umwangalie kwa saa chache, mfundishe mama kumlaza ubavu na kutomtia kitu mdomoni, aende nyumbani bila dawa ya kifafa. Sharti likikosekana hata moja, abaki.